Neno la Mdomo Haliifungi Kaunti

Ndugu msomaji, tuseme wewe na wenzako mna kikundi. Mnavunja mawe na kuuza kokoto. Siku moja afisa wa kaunti anafika. Anasema, "Tunatengeneza barabara. Leteni kokoto lori kumi. Mtalipwa mwisho wa mwezi." Je, mtapeleka?

Ngojeni kwanza. Huenda afisa huyo ni mtu mwema. Lakini sheria haimruhusu kuifunga kaunti kwa neno la mdomo.

Kenya ina kaunti 47. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013. Hununua vitu vingi: dawa, madawati, mawe, chakula cha hospitali. Pesa hizo ni za wananchi wote. Kama kila afisa angeweza kuahidi apendavyo, sisi sote tungelipa deni lake. Kwa hiyo Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 zimeweka mipaka. Hata gavana hawezi kuivuka.

Mpaka wa kwanza ni bajeti. Bajeti hupitishwa na bunge la kaunti. Ununuzi hauruhusiwi kuanza kama pesa zake hazimo katika bajeti hiyo.

Mpaka wa pili ni ushindani. Kazi haigawiwi kwa urafiki wala undugu. Kwa kawaida hutangazwa, na watu hushindana.

Mpaka wa tatu ni maandishi. Mshindi wa tenda hupewa barua. Barua hiyo peke yake si mkataba. Siku 14 hupita kwanza, ili aliyeshindwa apate nafasi ya kulalamika. Kisha pande mbili hutia sahihi. Kabla ya sahihi hizo, hakuna mkataba. Kwa vitu vidogo, mara nyingi hutolewa LPO, yaani hati ya kuagiza vitu.

Mpaka wa nne ni mkopo. Kaunti haiwezi kukopa mpaka serikali ya taifa ikubali kuwa mdhamini, na bunge la kaunti likubali pia.

Sasa fikiri. Umepeleka kokoto bila karatasi. Zimeshindiliwa barabarani, hazizoleki tena. Afisa yule amehamishwa. Mwenzake anakuuliza, "Mkataba uko wapi?" Utajibu nini? Mahakama za Kenya zimewahi kuwanyima malipo watu waliofanya kazi ya serikali bila mkataba wa kisheria, ingawa kazi ilikuwa imefanyika.

Kwa hiyo fanya hivi:

1. Uliza kama kazi hiyo imo katika bajeti ya kaunti.

2. Usipeleke kitu kabla ya kupata mkataba au LPO yenye sahihi.

3. Soma bei na idadi. Kama karatasi inasema lori sita, usipeleke kumi.

4. Ukipeleka mzigo, mpokeaji aandike jina, tarehe na sahihi yake.

5. Weka nakala ya kila karatasi nyumbani.

Karatasi hazitaleta pesa kesho. Kaunti nyingi huchelewa kulipa hata wenye mikataba. Lakini mwenye karatasi anaweza kudai haki yake. Asiye nazo atabaki kulalamika tu.

Usiogope kuomba kazi za kaunti. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya pesa za ununuzi itengewe biashara za vijana, wanawake, watu wenye ulemavu na wengine waliosahaulika. Andikisheni kikundi chenu, mshindane kama wengine.

Ndugu msomaji, sasa unajua kusoma. Usione haya kumwambia afisa, "Nionyeshe karatasi." Huko si kumdharau. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.