Unene Wangu na Vijidudu vya Tumboni

Mimi ni mnene, na wasomaji wanaonifahamu hawahitaji kuambiwa. Bwenini twapakuliwa sawasawa, ugali na maharage, lakini wenzangu husema kwamba lazima nina akiba nyingine sandukuni. Muhula uliopita sanduku langu lilifunguliwa mbele ya watu. Zilionekana daftari na soksi.

Basi nikaanza kuuliza na kusoma. Zamani hapa Karagwe unene ulikuwa heshima. Msafiri Mwingereza, Speke, alipofika kwa Mfalme Rumanika mwaka 1861, aliwakuta wanawake wa jamaa ya mfalme wakinyweshwa maziwa mfululizo hata wasiweze kusimama. Alimpima mmoja, akaona mzunguko wa mkono wake ni futi 1 na inchi 11! Unene huo hauna fumbo. Fumbo ni la watu wawili walao chungu kimoja, mmoja akanenepa na mwenziwe asinenepe.

Sehemu ya jibu imo katika utumbo mpana, wanamokaa vijidudu viitwavyo bakteria, wengi kupita kiasi. Hao hula makapi ya chakula yaliyoushinda mwili, na baadhi ya nguvu wanazozitoa humo huturudia sisi. Mwaka 2013 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walichukua vijidudu kutoka kinyesi cha mapacha, mmoja mnene na mmoja mwembamba, wakavitia katika panya waliolelewa pasipo kijidudu hata kimoja. Chakula kilikuwa kile kile, lakini panya waliopata vijidudu vya mnene waliongeza mafuta zaidi. Walipowekwa kizimba kimoja na wenzao, vijidudu vya wembamba vilihamia kwao (panya hula mavi, mtanisamehe) vikazuia unene. Ila walipolishwa mafuta mengi na mboga na matunda kidogo, vikashindwa.

Katika nchi yetu, Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, walao mizizi, ubuyu, matunda ya porini, nyama na asali, walichunguzwa. Habari zilizotolewa mwaka 2014 zilionyesha kwamba wana bakteria wa aina nyingi kuliko Waitalia waliolinganishwa nao. Bakteria hulishwa na nyuzinyuzi za mimea, nayo maharage yetu yanazo tele.

Sisemi kwamba vijidudu ndio sababu pekee. Urithi wa wazazi na kazi za mwili vimo pia, tena panya si mtu. Nami nakiri kwamba mandazi ya dukani nilikuwa nayapenda mno.

Aliyelifungua sanduku langu ameisoma makala hii. Aliniuliza kama vijidudu vyangu vyaweza kumhamia. Nimemwambia amalize maharage yake.