Chaneli nyingi, saa moja
Maji yanayoteremka kutoka milima ya Udzungwa kuingia bonde la Kilombero hayaendi bure. Mbingu, kati ya Ifakara na Mlimba, masista wa Kikatoliki wana kituo chao kidogo cha umeme wa maji. Kusini zaidi, Kihansi, turbini tatu za megawati 60 kila moja hupokea maji yaliyoporomoka zaidi ya mita 800. Ukubwa ni tofauti kabisa, ila maswali ya fundi ni yaleyale: bomba lina presha gani, beringi zimepata joto kiasi gani, jenereta inatoa volti na ampea ngapi?

Chombo cha kumjibu ni kirekodi chenye chaneli nyingi, maarufu kwa jina la data loga. Kila chaneli hupokea waya wa sensa moja. Chombo chenyewe hakitambui joto wala presha. Hupima umeme tu, na sensa ndiyo mkalimani wake. Sensa ya Pt100, kwa mfano, ni uzi wa platinamu wenye ukinzani wa ohmu 100 katika nyuzi sifuri, na ohmu 138.5 katika nyuzi 100. Chombo hupitisha mkondo mdogo kwenye uzi huo, hupima volti, kisha hukokotoa joto.

Presha ya maji mara nyingi hufika kama mkondo wa miliampea 4 hadi 20. Aliyebuni mpango huu alifikiri sana: presha sifuri husomeka 4, kwa hiyo ikisomeka 0 kabisa, fundi anajua waya umekatika, wala hana haja ya kukimbilia bomba.

Ndani ya vyombo vingi, swichi ya kielektroniki huzipitia chaneli kwa zamu na kuzipeleka kwenye kigeuzi kimoja. Kigeuzi cha biti 16 hugawa volti 0 hadi 10 katika ngazi 65,536, kila ngazi kama milivolti 0.15. Kwa joto la beringi, zamu haina madhara. Kwa umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde ni shida: volti na ampea zikisomwa kwa nyakati tofauti, hesabu ya nguvu hupotoka. Hapo hutakiwa chombo kinachosoma chaneli zote kwa wakati mmoja, maelfu ya mara kwa sekunde.

Faida ya kuwa na chaneli nyingi huonekana wakati wa masika. Umeme ukipungua pamoja na presha ya bomba, fundi huanzia kwenye wavu wa kuzuia takataka, ambao huenda umezibwa na majani, badala ya kufungua jenereta nzima.

Anayenunua chombo hiki asivutiwe na wingi wa chaneli peke yake. Aulize kasi ya kusoma, na ahakikishe kinapelekwa kupimwa usahihi wake mara kwa mara. Maabara ya ugezi (sayansi ya vipimo) ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Dar es Salaam, hufanya kazi hiyo.