Redio ya Boti Haisikii Ikisema

Ukibonyeza kitufe cha redio ya VHF uliyofungiwa botini, papo hapo umejiziba masikio. Redio ni moja na antena ni moja, lakini ndani mna sehemu mbili zisizoweza kufanya kazi pamoja: ya kurusha mawimbi na ya kuyapokea.

Kisa ni nguvu. Redio hiyo hurusha hadi wati 25, sawa na volti 35 hivi kwenye waya wa antena. Sauti ya nahodha aliye mbali hufika kwenye waya huohuo ikiwa na chini ya sehemu moja ya milioni ya volti. Sehemu ya kupokea ingeachwa wazi wakati unasema, ingeungua. Kwa hiyo kitufe kikibonyezwa, swichi ya ndani huitenga na antena. Simu ya mkononi imelikwepa tatizo hili kwa kutenganisha masafa, au kwa kupokezana zamu kwa kasi ambayo sikio halitambui.

Ndiyo maana kitufe kilichokwama ni hatari. Chaneli 16, megahezi 156.8, ndiyo ya wito na dharura baharini duniani kote. Boti moja iliyokalia kitufe huweza kuwafunika wote walio karibu. Lakini usiidharau chaneli ya pamoja. Simu humwita mtu mmoja, na huenda amelala. Redio huwaita wote walio ndani ya mipaka yake.

Mipaka hiyo wengi huipima kwa wati, na hapo ndipo wanapokosea. Mawimbi ya VHF husafiri karibu moja kwa moja, kwa hiyo mviringo wa dunia huyakatiza. Boti mbili zenye antena za mita 2 juu ya maji zitasikizana kwa kilomita 11 au 12 tu. Mnara wa pwani wenye antena ya mita 100 utaifikia boti hiyohiyo karibu kilomita 47. Mkondo wa Pemba una upana wa takriban kilomita 50. Ukiwa katikati na redio ya mkononi, utahitaji antena ya pwani yenye kimo cha zaidi ya mita 20 ndipo usikike. Wati 5 ziwe 25, upeo huo hausogei sana.

Basi kama pesa ni ya kitu kimoja, pandisha antena mlingotini kabla ya kununua redio kubwa. Na ukishasema, achia kitufe usikilize.