Nani Hurudishiwa Uhuru Vita Vikiisha

Mnamo Desemba 1950, katika mtaa wa Finchley jijini London, polisi alimsimamisha mwenye gari mmoja, Clarence Willcock, akamtaka aonyeshe kitambulisho. Willcock akagoma. Akapewa fomu ya kumtaka akipeleke kituoni, nayo akaikataa. Sheria iliyompa polisi uwezo huo ilipitishwa Septemba 1939, Hitler alipokwisha kuivamia Poland, ili serikali ijue nani aitwe jeshini na nani apewe mgao wa chakula. Vita vya Ulaya viliisha Mei 1945. Miaka mitano na ushee baadaye kitambulisho kilikuwa bado kinadaiwa barabarani, kwa kuwa polisi walikuwa wamekizoea. Kesi ilipofika mwaka 1951 mbele ya Jaji Mkuu, Lord Goddard, Willcock alionekana ana hatia lakini hakuadhibiwa, na jaji akakemea mtindo wa kutumia sheria ya vita katika mambo ya amani, akisema unawageuza raia wema kuwa wavunja sheria. Februari 1952 vitambulisho vikafutwa.

Kisa hiki hupendwa kwa sababu kinaisha vizuri. Lakini Oktoba ya mwaka huohuo, serikali ileile ya Churchill iliyowaondolea Waingereza kitambulisho iliridhia hali ya hatari nchini Kenya, ambayo ingedumu hadi Januari 1960. Na Kenya ilikuwa imeshajua makaratasi ya kubeba. Sheria ya kipande ilitungwa 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa awe na karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara wake, mara nyingi ikiwa ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inizwa shingoni. Harry Thuku alipoongoza upinzani dhidi ya kipande alikamatwa Machi 1922, watu waliokusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi wakapigwa risasi, naye akapelekwa Kismayu bila kesi yoyote. Kitambulisho cha Waingereza kiliishi miaka 12 na ushee. Kipande kiliishi karibu 30. Tofauti hiyo haielezwi na ukubwa wa vita wala ukubwa wa hatari. Dai langu katika sura hii ni kwamba uhuru uliochukuliwa kwa jina la vita hurudi pale tu waliobanwa wanapokuwa na uwezo wa kumbana aliyewabana, iwe kwa kura, kwa gazeti, kwa wakili au kwa jamaa aliye bungeni. Asiye na hata kimoja kati ya hivyo huambiwa vita vimekwisha, naye akabaki alipo.

Pingamizi la kwanza ni zito, na halifai kupitiwa juu juu: adui alikuwapo kweli. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, kule Lari nchini Kenya, wapiganaji wa Mau Mau, waasi waliopigana na utawala wa kikoloni, waliwachoma na kuwakata watu zaidi ya sabini, wengi wao wanawake na watoto, ingawa kisasi kilichofuata nacho kiliua wengi. Serikali isiyofanya lolote baada ya usiku kama huo haistahili kuitwa serikali. Lakini kukubali kwamba hatua zilihitajika hakutuambii zilihitajika dhidi ya nani. Aprili 1954 jeshi liliizingira Nairobi, likawachambua Waafrika kwa kabila: Wakikuyu, Waembu na Wameru upande mmoja, wengine upande wa pili. Maelfu kwa maelfu wakapakiwa kwenye malori kwenda kambini, wengi kwa neno la mtu aliyefunikwa gunia kichwani akitikisa kichwa au akinyamaza. Mashambani, watu wapatao milioni moja walihamishiwa vijiji vya lazima vilivyozungushiwa mahandaki, wakiwa chini ya amri ya kutotoka nje. Zaidi ya watu elfu moja walinyongwa. Hali ya hatari ilitangazwa kwa nchi nzima, ila uzito wake uliangukia wachache ambao hawakuwa na kura.

Atakayesema kwamba huo ni ukoloni tu, hauna la kutufundisha kuhusu vita, na atazame Marekani. Baada ya Japani kuishambulia Pearl Harbor Desemba 1941, watu wapatao 120,000 wenye asili ya Kijapani, theluthi mbili yao raia wa kuzaliwa, waliondolewa majumbani mwao pwani ya magharibi na kufungiwa kambini. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama. Basi mtu angetegemea Hawaii, visiwa vilivyopigwa mabomu, vingekuwa mahali pa kwanza kuwafungia. Haikuwa hivyo. Huko watu wa asili hiyo walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi, bandari na mashamba yasingeenda bila wao, na waliofungwa walikuwa wachache mno ukilinganisha na idadi yao. Hawaii iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi uliombana kila mtu, Mzungu na Mjapani, na utawala huo ukaondolewa Oktoba 1944, vita vikiwa bado vinaendelea. Hofu ya usalama ilikuwa moja. Kilichoamua ni nani angeweza kukosekana bila hasara kwa wenye nguvu.

Kuna mfano unaoonekana kuniumbua. Kanuni ya 18B ya Uingereza ilimruhusu waziri kumweka mtu kizuizini bila mashtaka, na walioguswa walikuwa wachache, hasa wafuasi wa Oswald Mosley, kiongozi wa mafashisti wa Uingereza. Wala mahakama haikuwasaidia: mwaka 1941, katika kesi ya Robert Liversidge, mmoja wa waliozuiliwa, malodi wanne kati ya watano waliamua kwamba waziri akisema ana sababu ya kumshuku mtu, yatosha; Lord Atkin peke yake ndiye aliyekataa. Hata hivyo kanuni hiyo ilifutwa Mei 1945, vita vya Ulaya vilipokoma. Iweje? Angalia waliokuwa ndani. Mmoja alikuwa mbunge, Archibald Ramsay. Mosley mwenyewe aliwahi kuwa waziri, na bunge lilijadili kufungwa kwake na kufunguliwa kwake. Walikuwa wachache, na wengi wao walichukiwa, ila waliweza kusikika. Kwa hiyo idadi peke yake si kipimo, na jaji naye si ngao ya kutegemewa. Sauti ndiyo iliyoamua.

Je, kura ikipatikana? Hapa ndipo historia ya Kenya inapokuwa ngumu kuliko hadithi ya mkoloni na mtawaliwa. Hali ya hatari ilipoondolewa 1960, ilitungwa sheria ya kulinda usalama wa umma, ili uwezo wa kuweka watu kizuizini usipotee pamoja nayo. Serikali huru iliirithi, na 1966 ikaipanua. Achieng' Oneko aliionja mikono yote miwili. Mwaka 1952 alikamatwa pamoja na Jomo Kenyatta na kushtakiwa Kapenguria. Rufaa ikamtoa hatiani, lakini hakufunguliwa, kwani kanuni za hali ya hatari zilitosha kumshikilia bila hatia, na akakaa kizuizini hadi 1961. Baada ya uhuru akawa waziri wa habari katika serikali ya Kenyatta. Akajiuzulu 1966 kumfuata Oginga Odinga katika chama cha upinzani cha KPU, na Oktoba 1969, chama kilipopigwa marufuku, akarudishwa kizuizini, mara hii kwa amri ya serikali aliyoitumikia, ya mtu aliyeketi naye kizimbani. Alitoka 1975. Hakukuwa na vita mwaka 1969. Kulikuwa na chombo kilichotengenezwa wakati wa vita, na mtu aliyekiona kinafaa. Tanganyika nayo ilipitisha sheria yake ya kuweka watu kizuizini mwaka 1962, pasipo hata vita vya kuisingizia.

Watetezi wa hatua hizo walisema taifa changa haliwezi kumudu anasa za mataifa yaliyokomaa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama mzigo ungegawanywa. Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya bendera kupandishwa, hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mashariki, ambako wengi walitaka kujiunga na Somalia. Hatari ilikuwapo huko pia: katikati ya mwaka huo Daudi Dabasso Wabera, mkuu wa wilaya ya Isiolo, alikuwa ameuawa kwa risasi. Lakini zana zilizotumika zilikuwa zilezile za 1954. Wafugaji walihamishiwa vijiji vya lazima, mifugo yao ikataifishwa au kuuawa, na Rais akatawala eneo hilo kwa kanuni alizoweza kuzitunga kwa ajili yake peke yake. Vita hivyo vya kaskazini mashariki, vilivyoitwa vita vya shifta, viliisha 1967. Mwaka 1970 bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga maofisa wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda wakati huo. Hali ya hatari yenyewe haikuondoka hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, na chini ya kivuli chake, Februari 1984, wanaume walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla karibu na Wajir, wakavuliwa nguo, wakaachwa juani kwa siku kadhaa na wengi kuuawa. Serikali ilikiri vifo 57; tume ya ukweli na maridhiano ilitaja idadi inayokaribia elfu moja. Mpiga kura wa Nakuru au Kisii hakuwa na sababu ya kujua kwamba nchi yake ilikuwa bado vitani.

Katiba ya 2010 imejaribu kuziba mwanya huo. Ibara ya 58 inaipa hali ya hatari siku 14 tu. Ikitakiwa kuongezwa, theluthi mbili ya wabunge wakubali, na nyongeza inayofuata idai robo tatu, kila mara isizidi miezi miwili. Ni kanuni nzuri, na ukomo wa muda ulioandikwa ndani ya sheria ni bora kuliko ahadi yoyote ya waziri. Ila inakinga dhidi ya hali ya hatari iliyotangazwa, na mabaki ya vita si lazima yatangazwe. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walipangwa foleni kupigwa msasa, wakapewa kadi ya ziada ya kuthibitisha kwamba ni Wakenya. Kadi hiyo ilipopitwa na wakati, kamati za msasa zilibaki: kijana wa Garissa au Mandera aliyefikisha miaka 18 alisimama mbele ya wazee na maofisa kueleza ukoo wake kabla ya kupata kitambulisho ambacho wenzake wa mikoa mingine walikipata bila mahojiano hayo, na bila kitambulisho hakuna akaunti ya benki, hakuna kazi rasmi, wala hakuna kura. Utaratibu huo haukuhitaji tangazo la hali ya hatari wala nyongeza ya bunge. Rais William Ruto alitangaza kuufuta mwaka 2025, akiwa Wajir, na wakati huo kaskazini mashariki kulikuwa na wabunge, magavana na maseneta waliokuwa wamedai ufutwe kwa miaka mingi.