Gari Likienda Ubavu

Bandari ya Durban hupokea magari mengi yaliyotumika kutoka Japani, na miongoni mwake hutokea Toyota Chaser, Mark II na Altezza, aina zinazosakwa sana na wapenzi wa drifti, mchezo wa kupita kona gari likiwa limekaa ubavu. Kijana wa Umbilo, kitongoji kilicho kilomita chache tu kutoka gatini, huyaona yakipita lakini hawezi kulikatia namba hata moja. Afrika Kusini inalinda viwanda vyake vya magari, hivyo mtumba wa kawaida kutoka nje hausajiliwi. Hupitishwa tu kuelekea Zambia, Kongo na kwingineko. Mtu wa Dar es Salaam anayekwenda kazini na Altezza huenda hajui amekalia nini.

Kwa hiyo anayeanza drifti Durban hutafuta BMW kuukuu. Sababu ni ya kihistoria: kiwanda cha BMW cha Rosslyn, karibu na Pretoria, kilikuwa cha kwanza cha kampuni hiyo nje ya Ujerumani, mwaka 1973. Spea zimejaa, mafundi wanalijua gari, na muhimu kuliko yote, injini inasukuma magurudumu ya nyuma.

Gari lenyewe lina hadithi yake. BMW 325i ya miaka ya 1980, ile yenye umbo la sanduku, mitaani huitwa Gusheshe. Huko Soweto ilizungushwa kwenye mazishi ya majambazi kama heshima ya mwisho kwa marehemu. Kutoka hapo ukazaliwa mchezo wa spini, ambao chama cha michezo ya magari cha Afrika Kusini kiliutambua rasmi mwaka 2014. Stacey-Lee May, binti wa Eldorado Park aliyekuwa akisomea sheria, aliufanya ujulikane ng'ambo alipoonekana katika kipindi cha Hyperdrive cha Netflix mwaka 2019.

Spini na drifti ni ndugu, si pacha. Kwenye spini dereva huzungusha gari ndani ya uwanja mdogo, wakati mwingine akiwa ananing'inia dirishani. Drifti, iliyokomazwa na Wajapani kama Keiichi Tsuchiya, ina njia ya kufuata: gari hupita kona baada ya kona likiwa limekaa ubavu, na waamuzi hutazama njia, pembe na madoido. Saa haihesabiwi.

Siri iko kwenye tairi. Mshiko wake ni kama mshahara: ukiumaliza kwenye kodi ya nyumba, hakuna unaobaki wa chakula. Dereva anapokanyaga mafuta katikati ya kona, tairi za nyuma hutumia mshiko wote kusukuma, zinakosa wa kushikilia kona, na tako la gari linatoka nje. Hapo usukani hugeuzwa kinyume, kuelekea upande ule ule tako linakokwenda, na mguu unabaki kwenye mafuta. Mwanafunzi akiogopa na kuachia mafuta ghafla, tairi hunasa tena na gari humrusha upande wa pili.

Ndiyo maana somo la kwanza halina mwendo wa kutisha. Linahitaji uwanja mpana usio na nguzo, sakafu iliyomwagiwa maji, na gia ya kwanza au ya pili. Maji hupunguza mshiko, hivyo gari huteleza kwa mwendo mdogo na tairi haziliki upesi. Mwanafunzi huzunguka koni moja mpaka aweze kulishikilia duara bila kuyumba, kisha koni mbili kwa umbo la nane, ambako lazima ahamishe uzito wa gari kutoka ubavu mmoja hadi mwingine. Hapa wengi hukwama kwa kung'ang'ania usukani. Ukilegezwa, magurudumu ya mbele huugeuza yenyewe. Kazi ya mikono ni kuudaka mahali panapofaa. Macho nayo yatazame anakotaka kwenda. Ukiukodolea macho ukuta, utaufuata. Hendibreki na kupiga klachi ili kuyashtua magurudumu ya nyuma huja baadaye.

Kuna jambo la ufundi lisilokwepeka. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye gurudumu lenye mshiko mdogo, hivyo moja huzunguka bure na jingine hulala. Wasio na fedha za difu maalumu huichomelea ili yote mawili yazunguke pamoja. Dawa hiyo ni rahisi, ila kwenye kona za mjini tairi hukwaruza na kupiga kelele.

Barabara ya Umbilo si mahali pa kujaribia haya: kifungu cha 63 cha sheria ya usalama barabarani ya mwaka 1996 kinaharamisha uendeshaji wa hatari. Mpenzi wa magari anayetaka uwanja halisi amekuwa akitazama kusini, mathalani Dezzi Raceway ya Port Shepstone, yapata kilomita 120 kutoka Durban. Huko huenda na tairi nzuri mbele, kwa kuwa ndizo zinazoongoza, na zilizochoka nyuma, huku nyingine za akiba zikiwa zimebanwa kwenye buti pamoja na jeki na spana ya magurudumu.