Haki ya Kuachwa na Haki ya Kupewa

Siku ya mgao, kwenye foleni, mara nyingi tunasikia: "Unga umepungua, basi haki zetu zimekwisha." Hapana. Haki ziko za aina mbili, na kila moja inadaiwa kwa njia yake.

Ya kwanza wanasheria wanaiita haki hasi. Si kwamba ni mbaya. Maana yake serikali ijizuie. Isikupige, isikufunge bila kosa, isikukataze kusali. Kubwa kwetu ni kifungu cha 33 cha Mkataba wa Wakimbizi wa 1951: mkimbizi asirudishwe mahali ambapo maisha yake au uhuru wake uko hatarini. Mkataba unataja sababu za usalama wa nchi, lakini ukosefu wa pesa haumo.

Ya pili ni haki chanya: serikali itoe kitu. Shule, dawa, nyumba. Hapo pesa inahitajika. Ndiyo sababu Mkataba wa 1966 wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kitamaduni unasema nchi itekeleze hatua kwa hatua, kadiri ya uwezo wake wote.

Je, "hatua kwa hatua" ni kungoja tu? Sikiliza habari ya mama mmoja wa Afrika Kusini, Irene Grootboom. Yeye na wenzake karibu 900, wengi wao watoto, walifukuzwa walipojenga vibanda, wakabaki kwenye uwanja wa michezo karibu na Cape Town. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ilisema serikali hailazimiki kumpa kila mtu nyumba papo hapo, lakini mpango unaowasahau wenye shida kubwa kabisa hauendani na Katiba. Walishinda. Hata hivyo, mama huyo alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kwenye kibanda. Hukumu bila ufuatiliaji haiezeki paa.

Basi, wazazi, tufanyeje? Mtu akitishiwa kurudishwa kwa nguvu, usingoje kikao; kimbilia ofisi ya ulinzi siku hiyo hiyo. Lakini kama ni dawa au madarasa, ulizeni kwenye mkutano: Mpango uko wapi? Wajane, wazee na walemavu wamewekwa wapi? Lini tutapewa jibu? Andikeni majibu, na mwezi ujao muulize tena.

Haki ya kuachwa haingoji bajeti. Haki ya kupewa inangoja, lakini isingojee usingizini.