Mzee wa Lamu akisema "nimevundika", daktari asikie nini?

Tuanze na neno moja: kuvundika. Msomaji aliyelelewa na Kiswahili sanifu akilisikia, fikira zake zitakwenda kwenye ndizi mbichi zilizofunikwa mahali ili ziive. Akisikia kuvunda, ataziba pua, maana kwake ni kitu kilichoanza kuoza. Kwa Mwamu, yaani mwenyeji wa Lamu, kuvunda ni kuvunja na kuvundika ni kuvunjika, basi. Penye nj ya Kiunguja, Kiamu huweka nd. Njia ni ndia, njaa ni ndaa, na njoo ni ndoo, hata mgeni anayeitwa kwa heshima huenda akaanza kutafuta chombo cha kuchotea maji.

Nasema haya kwa sababu ya fomu niliyoletewa na mtafiti mmoja kijana. Aliitafsiri kutoka Kiingereza ili itumike kuwahoji wazee wa Lamu na Pate waliovunjika nyonga. Sarufi yake ilikuwa safi, wala sikuona pa kutia wino mwekundu. Lakini fomu inaweza kuwa safi na bado isifike kwa anayesomewa. Kiswahili tunachokiita sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928, na lahaja za kaskazini zikabaki nje ya vitabu vya shule. Hazikutoka vinywani mwa wenyewe. Bibi wa miaka themanini aliyelala kitandani na maumivu hatafuti kamusi. Anasema lugha ya mamaye.

Mimi si tabibu. Udaktari wangu ni wa lugha, na haujawahi kumponya mtu. Hata hivyo jambo lenyewe si gumu kueleza. Tunaposema mzee "amevunjika nyonga", aghalabu kilichovunjika ni sehemu ya juu ya fupa la paja, karibu na pale linapoingia kwenye kiungo cha nyonga. Mifupa hupungua uzito kwa umri, hasa kwa wanawake waliokoma hedhi, na anguko dogo tu linatosha: kuteleza chooni, au kukosa kidaraja kimoja cha ngazi. Nani asiyezijua ngazi za nyumba za mawe za Lamu? Baada ya hapo hatari kubwa huwa kitanda. Mzee asiyeinuka hupata vidonda vya kulalia, nimonia, damu kuganda miguuni. Ndiyo maana madaktari wengi hupendelea kupasua na kuufunga mfupa kwa chuma, au kuweka kichwa cha bandia, ili mgonjwa asimame mapema. Sasa fikiria aliyeanguka Faza au Kizingitini, ambaye lazima kwanza apakiwe kwenye boti ndipo afike mjini Lamu, na akihitaji kupelekwa Mombasa avushwe tena hadi Mokowe aanze safari ya barabara.

Neno nyonga lenyewe halitegemeki. Wengi huchanganya nyonga na kiuno, na maumivu ya nyonga wakati mwingine husikika kwenye kinena au gotini. Mtafiti asiandike alichoambiwa tu. Amwombe mzee aoneshe kwa mkono.

Kubwa zaidi ni hawezi. Bara, ukisema "nyanya hawezi", msikilizaji anangoja umalizie: hawezi nini? Pwani sentensi imekwisha. Hawezi ni mgonjwa. Mtoto wa mzee akiulizwa hali ya mamake atajibu, "Hawezi tangu mfungo mosi," akimaanisha kwamba mama amekuwa akiugua, labda presha, tangu mwezi uliofuata Ramadhani. Karani anaandika: hawezi kutembea tangu mfungo mosi. Kumbe bibi alikuwa akitembea mpaka jana alipoanguka!

Kosa hilo si dogo. Tafiti nyingi za mvunjiko huu huwataka wagonjwa waliokuwa wakitembea kabla ya kuumia. Mfano ni utafiti uitwao REGAIN, uliofanywa Marekani na Kanada na kuchapishwa 2021. Ulichukua wagonjwa 1,600 wenye umri wa miaka 50 na zaidi, ukalinganisha wale waliopasuliwa kwa nusukaputi na wale waliochomwa sindano ya ganzi mgongoni. (Wazee wetu huiogopa nusukaputi kuliko kisu chenyewe. Wangefarijika kujua kwamba baada ya siku 60 makundi hayo mawili hayakutofautiana sana: takriban asilimia 18 katika kila kundi walikuwa wamefariki au hawawezi tena kutembea bila kusaidiwa na mtu.) Utafiti wa namna hiyo ukija kwetu, bibi aliyeandikiwa "hawezi kutembea" ataachwa nje kwa sababu ya kitenzi.

Halafu kuna saa. Utafiti mwingine, HIP ATTACK, ulichapishwa 2020 katika jarida la The Lancet ukiwa na wagonjwa 2,970 katika hospitali 69 za nchi 17. Ulitaka kujua kama kumpasua mgonjwa haraka, kwa lengo la muda wa saa sita tangu mvunjiko ugunduliwe, kungepunguza vifo. Haukuona tofauti ya kutegemewa: katika siku 90 walifariki asilimia 9 ya waliowahishwa na asilimia 10 ya wengine. Lakini waliowahishwa waliweweseka kwa uchache zaidi na walisimama mapema. Sasa jaribu kumwambia mzee wa Siyu kwamba atapasuliwa "kabla ya saa sita". Atatazama jua! Saa sita kwetu ni adhuhuri, au ni usiku wa manane. Ni lazima isemwe "kabla hazijapita saa sita tangu kupigwa picha", tena ihesabiwe kwa vidole.

Lakini neno lililonikera hasa kwenye fomu ile ni bahati nasibu. Tafiti hizi mbili zina jambo moja linalozifanya ziaminike: daktari hachagui nani apewe tiba ipi. Angechagua yeye, angewawahisha wenye nguvu na kuwachelewesha dhaifu, kisha tungesifu haraka kwa kazi iliyofanywa na afya ya mgonjwa. Kwa hiyo uchaguzi huachiwa kompyuta, bila upendeleo. Wafasiri wetu wameuita utaratibu huo "kuchaguliwa kwa bahati nasibu". Jamani! Bahati nasibu ni tiketi za zawadi, ni kamari, na kamari ni haramu. Unamwambia mzee aliyeswali alfajiri miaka sitini kwamba mguu wake utachezewa kamari, kisha unashangaa mwanawe akikataa kutia saini?

Neno lipo, na ni la zamani: kura. Masimulizi ya Nabii Yunus yanajulikana na kila mtoto aliyepita chuoni. Chombo kilielemewa, abiria wakapiga kura nani atoswe. Watu wa visiwa vya mabaharia hawahitaji kuelezwa zaidi. Kura ina heshima. Hutumika pale ambapo hakuna mwenye haki ya kumpendelea mwenziwe. Najua msomaji ataniambia kwamba siku hizi kura ni ya IEBC. Ni kweli, ndiyo maana napendelea kupigiwa kura, si kupiga kura, na baada yake iongezwe sentensi moja ya kueleza: "Si daktari atakayechagua, wala si wewe, kompyuta itawapigia kura." Ni maneno mengi kuliko mawili. Kwani karatasi ni ghali kiasi hicho?

Ninayo haki ya kuwa mkali hapa kwa sababu jambo hili limekwisha kuchunguzwa pwani hii hii. Watafiti wa KEMRI na Wellcome Trust kule Kilifi walichapisha 2004 uchunguzi wa jinsi watu wa pwani ya Kenya wanavyoielewa ridhaa, na tatizo mojawapo lilikuwa kuutenganisha utafiti na matibabu ya kawaida. Aliyesikia "tiba" aliitikia tiba. Neno majaribio nalo huvuta upande wa pili: mtu hujiona panya. "Utafiti wa kulinganisha tiba mbili" ni refu, lakini halidanganyi.

Linabaki kupona. Kwetu kupona ni kurudi kwenye afya, na pia ni kunusurika. Visiwa hivi vina hata mtu wa jina hilo: Mwana Kupona, aliyetunga utendi wake mashuhuri 1858 akiwa mgonjwa, akimuusia bintiye, na ambaye hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Tafiti nazo hugawanyika hivyo hivyo. HIP ATTACK ilihesabu kwanza waliobaki hai. REGAIN ilihesabu kutembea takriban mita tatu, hata kwa mkongojo. Mita tatu sakafuni! Kwa bibi anayeishi ghorofani Lamu, kupona ni kuteremka ngazi mpaka dakani, akaketi na jirani zake. Fomu iulize hilo.

Waholanzi walikwenda mbali zaidi. Katika utafiti wa FRAIL-HIP, uliochapishwa 2022, hawakupiga kura kabisa. Waliketi na wazee 172 waliokuwa dhaifu sana, pamoja na jamaa zao, wakawaeleza njia zote mbili, kila familia ikachagua. Wengi wa waliochagua kutopasuliwa walifariki katika mwezi wa kwanza, na hilo halikufichwa. Lakini ubora wa siku zao haukuwa duni kuliko wa waliopasuliwa. Mazungumzo kama hayo yanawezekana Lamu pia. Tatizo ni kwamba fomu niliyoletewa iliiita njia hiyo "kuachwa bila upasuaji", na hakuna mtoto wa Kiamu atakayekubali mamake aachwe, wala hapaswi kuombwa. Neno kuachwa lifutwe. Paandikwe "kutunzwa bila kupasuliwa", na chini yake zitajwe dawa za maumivu zitakazotolewa, nani atakayezitoa, na mara ngapi kwa siku.